Kukaba kwa Macho

Kuna usemi ambao kila shabiki wa mpira Tanzania ameshausema, au ameusikia ukirushwa kutoka benchi la nyuma kwenye kibanda umiza: "Mabeki wetu wanakaba kwa macho." Maana yake beki yupo, jezi kaivaa, mwili upo uwanjani, ila kazi anaifanya kwa kutazama. Mshambuliaji anapita, yeye anamsindikiza kwa macho kama mtu anayeaga basi la mkoani. Ni usemi mzuri, mfupi, unaouma. Nimeutumia kwa miaka na miaka bila kujiuliza kama na sisi watazamaji tunautazama mpira vizuri zaidi ya hao tunaowasema.

Humu tumezoea kuchambua riwaya na diwani. Leo naomba niichambue beki ya Simba, timu yangu, pamoja na namna sisi wenyewe tunavyoisimulia. Hayo mambo mawili siwezi tena kuyatenganisha, na nitaeleza mbele kwa nini.

Nianze na siku ambayo watani zetu wanaijua kwa moyo kama wimbo wa shule. Tarehe 5 Novemba 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga 5, Simba 1. Kono la nyani. Musonda alifunga mapema, dakika ya 3 tu. Kibu Denis akasawazisha dakika ya 9, tukaenda mapumziko 1-1, na mimi nilikuwa nimeshamwambia jirani yangu wa Jangwani aandae fedha ya soda. Kipindi cha pili Nzengeli akafunga, Aziz Ki akafunga, Nzengeli tena, halafu Pacome kwa penalti. Mabao manne ndani ya dakika zisizofika 25. Siku mbili baadaye kocha Robertinho hakuwa nasi tena.

Simulizi tuliyoitunga usiku ule ilikuwa nyepesi: tulikuwa na timu nzuri, ikaharibiwa na mabeki siku moja. Na kwa juu juu inaingia akilini. Kabla ya siku ile hatukuwa tumepoteza hata mechi moja ya ligi msimu ule. Mwezi Agosti tulikuwa tumewafunga haohao Yanga kwa penalti pale Mkwakwani, Tanga, tukabeba Ngao ya Jamii. Fomu ilikuwa juu, kwa hiyo aliyeishusha lazima awe mtu fulani.

Lakini wapenzi wa fasihi tunajua kuna msimulizi wa kutoaminika, yule anayekueleza mambo ya kweli tupu ila anaruka kurasa. Fomu ni msimulizi wa aina hiyo. Hebu turudi kwenye kurasa alizoziruka. Kwenye mechi za Afrika kabla ya kono la nyani tulitoka 2-2 na Power Dynamos kule Zambia, tukatoka nao 1-1 Chamazi, tukavuka kwa faida ya mabao ya ugenini. Ikaja African Football League: 2-2 na Al Ahly nyumbani, 1-1 kule Cairo. Mechi nne, tumeruhusu mabao sita, na hakuna hata moja tuliyomaliza bila kufungwa. Sisi tulisoma neno moja tu, "hatujafungwa", tukashangilia. Sare na Ahly tuliisherehekea kama ubingwa, na mimi nilikuwamo.

Nimeitazama upya mechi ile ya 5-1, jambo ambalo simshauri Mwanasimba mwenye presha. Nilichokiona sicho nilichokuwa nimekikumbuka. Kumbukumbu yangu ilikuwa imejaa mabeki wanaokimbia kurudi golini kwao. Safari hii nikasimamisha picha kabla hawajaanza kukimbia. Mabeki wa pembeni wako juu, wanatafuta bao la pili. Viungo wamepanda nao. Kati yao na mabeki wawili wa kati kuna uwanja mtupu, na humo ndani wamo Aziz Ki, Pacome na Nzengeli, wanageuka wanavyotaka, wanainua vichwa, wanachagua. Ukifika hapo beki wa kati hana chaguo zuri. Akimfuata mwenye mpira, anaacha nafasi nyuma. Akibaki, anapigiwa shuti. Kwenye televisheni mtu huyu anaonekana amesimama, anakaba kwa macho. Ukweli ni kwamba kosa limeshatendeka mita 30 mbele yake, na limetendwa na watu ambao kamera haiwaoni tena.

Naomba nisieleweke vibaya, siwatetei watu kwa sababu ni wa kwetu. Nasema kwamba beki ni sentensi ya mwisho ya aya ndefu, na sisi tunasoma sentensi hiyo moja kisha tunahukumu.

Ushahidi wa pili ni wa zamani kidogo. Msimu wa 2018/19, chini ya Patrick Aussems, tulicheza makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ugenini tulifungwa 5-0 na AS Vita, tukafungwa 5-0 na Al Ahly, tukafungwa 2-0 na JS Saoura. Mabao 12 katika safari tatu. Nyumbani, tuliwafunga Saoura 3-0, Ahly 1-0 kwa bao la Kagere, na Vita 2-1 kwa lile bao la Chama la jioni kabisa ambalo wengine hadi leo wakilisimulia wanasimama kwenye kiti. Nyumbani tuliruhusu bao 1 tu. Tukaenda robo fainali.

Sasa jiulize: beki ya msimu ule ilikuwa nzuri au mbovu? Ilipigwa mikono miwili, hilo lipo kwenye kumbukumbu. Mbona hatuisemi? Kwa sababu hadithi iliishia vizuri. Mwisho ukiwa mtamu, mabao 12 yanageuka kuwa mikasa ya njiani ya shujaa anayerudi nyumbani. Mwisho ukiwa mchungu, kila bao linakuwa usaliti. Timu ni ileile, ila tunaanza kuisoma kutokea ukurasa wa mwisho.

Lugha yetu nayo imechangia. Angalia kitenzi "kufunga". Mshambuliaji anafunga bao. Beki naye, kazi yake yote ni kufunga: kufunga njia, kufunga nafasi, kufunga mlango. Lakini beki akifunga njia vizuri hakuna mtangazaji atakayepaza sauti kwamba amefunga. Kitenzi kimeporwa na namba tisa. Beki ameachiwa kauli ya kutendwa peke yake: tumefungwa. Neno hilohilo tunalolitumia kwa mtu aliyepelekwa gerezani. Beki ni kama askari wa getini: miaka kumi hakuna anayejua jina lake, usiku mmoja wakiibiwa mtaa mzima unamjua.

Ndiyo maana mechi ninayoipenda kuliko zote za msimu wa 2024/25 siwezi kumsimulia mtu. Nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, marudiano na Stellenbosch kule Durban. Tulikuwa tumeshinda 1-0 Zanzibar. Durban ikaisha 0-0, na Simba tukaingia fainali. Nimejaribu kuisimulia kijiweni mara kadhaa. "Ilikuwaje?" Haikuwa. Hilo ndilo lililotokea, kwamba kitu walichokitaka wenyeji kwa dakika zote 90 hakikuwa. Nikifika hapo watu wanarudi kwenye kahawa zao. Hatuna fani ya kusimulia jambo lililozuiwa. Tuna majina chungu nzima ya namna mpira unavyoingia wavuni, ila kwa mpira ambao haukuingia kwa sababu mtu alisogea hatua mbili kushoto mapema, hatuna neno.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuandika haya.

Mtoto wa dada yangu anacheza beki wa kati kwenye timu ya mtaani kwetu. Usiku ule wa 5-1 alikuwa amekaa chini mbele yangu kibandani. Bao la nne lilipoingia mimi, mtu mzima, mpenda vitabu, nilisimama nikasema kwa sauti kwamba mabeki wameuza mechi. Sikuwa na ushahidi wowote. Sikuwa nimeusikia popote. Nilisema kwa sababu maumivu yanahitaji mtu wa kumwangukia, na neno hilo liko karibu na ulimi wa kila shabiki. Watu wakaitikia. Dogo akageuka akaniuliza, "Mjomba, umejuaje?" Nikamwambia atazame mpira.

Tarehe 19 Oktoba 2024 tulikutana tena na Yanga. Siku ile tulikaba kweli, bana. Dakika 85 zilipita hatujafungwa. Dakika ya 86 mpira wa kutengwa ukaleta vurugu golini, tukajifunga. 1-0. Safari hii nilinyamaza, maana hata mimi niliona.

Wiki chache baadaye timu ya dogo ilikuwa na mechi ya ndondo. Krosi ikapigwa chini, yeye akanyoosha mguu kama beki yeyote anavyopaswa, mpira ukamgonga ugokoni ukaingia golini kwao. Pembeni ya uwanja watu wazima, wengine wenye watoto wakubwa kuliko yeye, wakaanza kupiga kelele: "Ameuza! Ameuza huyo!" Walikuwa wanacheka. Kwao ulikuwa utani. Jioni alikuja nyumbani, akakaa, akazungukazunguka na maneno ya shule, halafu akauliza, "Mjomba, na mimi nimeuza?"

Nilimwambia hapana, haraka sana. Akaitikia. Lakini nilimwona usoni kwamba analilinganisha jibu langu na lile la mwaka uliotangulia, na kwamba hayalingani. Siku zilizofuata akamwomba kocha wake amhamishie mbele.

Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa. Inahitaji maneno mengi kwa sababu neno moja ndilo lililoharibu.

Siyo kwamba beki asikosolewe. Kukosoa ni kazi ya heshima, na timu yangu inadaiwa ukosoaji mwingi. Kwenye fainali ya kwanza kule Berkane, Mei 2025, tuliruhusu mabao mawili ndani ya robo saa ya kwanza. Dakika 75 zilizobaki hatukuruhusu jingine, lakini kombe lilikuwa limeshaanza kuondoka, na sare ya 1-1 Zanzibar haikutosha kulirudisha. Timu inayoingia fainali ugenini ikiwa bado haijaamka ina tatizo la maandalizi na umakini, na lazima lisemwe. Msimu huohuo, kati ya mechi 30 za ligi tulipoteza 2 tu, zote dhidi ya Yanga, ya mwisho ikiwa 2-0 ya tarehe 25 Juni iliyowapa ubingwa. Ukijumlisha na Aprili na Agosti 2024, toka kono la nyani mtani alikuwa ametufunga mara tano mfululizo. Hiyo haiwezi kuitwa bahati mbaya. Nionavyo mimi, tunaogopa kuwa na subira mbele yake. Tunapanda wote, tunaacha uwanja ule mtupu nyuma ya viungo, na yeye anausubiri.

Huo ni ukosoaji. Unataja kilichofanyika, wapi, dakika ya ngapi, nani alipaswa kuwa wapi. Unaweza kubishiwa na mtu aliyeitazama mechi. "Ameuza" haibishiki, ndiyo sababu inapendwa. Inamwondolea msemaji kazi ya kutazama, halafu inamwachia mtu mwingine mzigo ambao hawezi kuutua, maana nani atathibitisha kwamba hakuuza?

Dogo alicheza mbele mechi tatu, akarudi nyuma mwenyewe. Anasema mbele kunachosha, unasubiri mno. Nakwenda kumtazama Jumapili nikipata nafasi. Najilazimisha nisiufuate mpira. Namfuata yeye: anavyogeuza kichwa kabla krosi haijapigwa, anavyomnyooshea mkono beki wa pembeni arudi, anavyopiga hatua mbili kushoto kwa ajili ya pasi ambayo mpinzani, akimwona pale, anaghairi kuipiga.

Juzi kulikuwa na moja ya hizo. Hakuna aliyeshangilia. Nikapiga makofi peke yangu, mzee mmoja pembeni yangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Amefunga." Akatazama golini, akanitazama mimi, akasogea pembeni kidogo.