Mhariri Aliyekimbia: Kuitazama "The Last Outlaw" Miaka Mingi Baadaye

Nianze kwa kukiri kwamba sikuitafuta tamthilia hii kwa sababu ya Ned Kelly. Niliitafuta kwa sababu ya mhariri wa gazeti. Nilikuwa nasoma juu ya magazeti ya zamani ya Australia nikakutana na kisa cha Jerilderie, mji mdogo wa New South Wales, Februari 1879. Majambazi wanne wanateka kituo cha polisi, wanavaa sare za askari, wanaiba benki, halafu kiongozi wao anaanza kumsaka mwenye gazeti. Hataki pesa zake. Anataka amchapie barua. Mwenye gazeti, Samuel Gill, alikuwa ameshatimua mbio.

Mimi ni mwandishi wa habari. Jambazi anayemtafuta mhariri kwa bunduki ili achapishiwe makala, huyo lazima nimfuatilie.

Basi nikaipata "The Last Outlaw", tamthilia ya televisheni ya sehemu nne iliyorushwa Australia mwaka 1980, miaka 100 kamili tangu Kelly anyongwe. Ian Jones na Bronwyn Binns ndio walioibuni na kuitayarisha, na John Jarratt ndiye Ned. Niliitazama kwa usiku nne, na usiku wa tano nikarudia sehemu ya Jerilderie.

Kwa msiomfahamu, kwa kifupi: Ned Kelly alikuwa mtoto wa John Kelly, mfungwa wa Kiirishi aliyesafirishwa kwa meli hadi Tasmania, na Ellen, mama ambaye bila yeye hadithi hii haina mguu wa kusimamia. Baba alifariki 1866, Ned akiwa bado mtoto. Familia ikahamia kaskazini-mashariki mwa Victoria, wakawa walowezi wadogo wenye viwanja vya kulipia kidogo kidogo, katikati ya matajiri wenye mashamba makubwa ya ng'ombe. Polisi walikuwa upande wa matajiri. Angalau ndivyo akina Kelly walivyoona, na hawakukosa ushahidi. Wizi wa farasi nao ulikuwepo, tusidanganyane. Aprili 1878 konstebo Fitzpatrick alikwenda nyumbani kwao kumkamata Dan, mdogo wake Ned, akatoka na jeraha mkononi na maelezo yake mwenyewe ya namna alivyolipata. Ellen akafungwa miaka mitatu akiwa na kichanga. Ned na Dan wakaingia porini, wakajiunga nao Joe Byrne na Steve Hart. Oktoba 26 mwaka huohuo, kwenye kijito cha Stringybark, askari watatu waliokuwa wakiwasaka waliuawa. Baada ya hapo yakaja mabenki mawili, na mwisho Glenrowan, Juni 1880, yale mapambano ya deraya zilizofuliwa kwa mabamba ya plau.

Nguvu ya kwanza ya tamthilia hii ni subira. Ukiwa umezoea tamthilia za sasa, ambazo dakika ya tatu mtu ameshapigwa risasi, utachoka kidogo usiku wa kwanza. Vumilia. Inaanza na kijana anayefundwa ujambazi na mzee Harry Power (Gerard Kennedy anamcheza vizuri sana, mzee mwenye maneno mengi na hofu nyingi), na inachukua muda wake kuonyesha kwamba mtu haamki asubuhi akawa mhalifu mkuu. Kuna kesi ndogo, faini, kifungo kifupi, tusi la askari barabarani, farasi aliyechukuliwa na farasi aliyerudishwa. Chuki inajengwa kama deni la dukani, senti kwa senti, mpaka siku mwenye duka anafungua daftari.

Nguvu ya pili ni Ellen, anayechezwa na Elaine Cusick. Siku jaji Redmond Barry anapomfunga mama huyu, ndipo tamthilia inapopata moyo wake. Kila anachofanya Ned baadaye, hata kile kisichosameheka, kinapita katika ile hukumu. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za Fumo Liyongo tunamfahamu shujaa wa namna hii: mkubwa kuliko watu wa kawaida, anawindwa na mtawala, na anaokolewa au kuangushwa na watu wa nyumbani kwake. Mwili wa Liyongo ulikuwa na mahali pamoja tu pa kufia, kitovuni. Kelly naye alijifunika chuma kichwa na kifua akasahau miguu, na polisi wakaipiga miguu. Liyongo alisalitiwa na mwanawe. Genge la Kelly lilimuua Aaron Sherritt, rafiki wa utotoni wa Joe Byrne, kwa kumwona msaliti. Jones hakuweza kuachana na kisa hicho. Mwaka 1992 alikiandikia kitabu kizima, akidai Sherritt alikuwa akiwachezea polisi shere muda wote. Peter Hehir anamcheza Sherritt kama mtu ambaye hata yeye hajui tena yuko upande gani, na kwangu hiyo ndiyo kazi bora ya uigizaji katika sehemu zote nne.

Sasa turudi kwenye barua. Barua ya Jerilderie ina maneno kama 8,000. Ned aliisema, Joe Byrne akaiandika. Ina hasira, matusi ya kuchekesha dhidi ya polisi, hesabu za farasi, utetezi wa mauaji, na vitisho kwa matajiri. Mhariri alipokosekana, Kelly alimkabidhi mhasibu wa benki, Edwin Living, aifikishe kwa mchapaji. Living aliipeleka Melbourne. Magazeti yalitoa muhtasari tu. Nzima haikuchapishwa hadi 1930, mwandishi wake akiwa amekufa miaka 50.

Hapo ndipo nilipoielewa tamthilia hii. Ian Jones, aliyemsoma Kelly sehemu kubwa ya maisha yake, amefanya kazi ambayo Samuel Gill aliikimbia. Ameichapa barua. "The Last Outlaw" yote, tangu mwanzo hadi kitanzi, ni ile barua ya Jerilderie iliyogeuzwa picha: Ned anavyoona, Ned anavyosikia, Ned anavyotaka akumbukwe. Hata lile wazo kwamba Glenrowan ilikuwa mwanzo wa uasi wa kutaka jamhuri, ambalo wanahistoria wengine wanalipinga vikali, lipo kwa sababu lingempa yule mwandishi wa barua kusudi kubwa kuliko kisasi.

Na hapohapo ndipo ninapogombana nayo. Ukichapa barua ya mtu mmoja kwa upendo wote huu, ni nani anabaki bila ukurasa?

Anza na wale watatu wa Stringybark: sajenti Michael Kennedy, Thomas Lonigan na Michael Scanlan. Wote walizaliwa Ireland, kulekule walikotoka wazazi wa Ned. Kennedy aliacha mke na watoto. Alijeruhiwa, akafuatwa porini, akamalizwa, na saa yake ikachukuliwa. Tamthilia haifichi kwamba waliuawa, na mauaji yenyewe hayapambwi. Lakini katika usiku wangu wote minne sikumbuki jioni hata moja tuliyokaa nyumbani kwa Kennedy tukiona chakula kikipoa mezani. Nyumbani kwa akina Kelly tumekaa mpaka tumezijua sufuria zao. Uzito wa kifo kwenye televisheni unatokana na muda tuliopewa kukaa na marehemu, na Jones aliugawa muda huo kwa upendeleo.

Chukua pia nyumba ya wageni ya Ann Jones pale Glenrowan. Genge liliwashikilia humo watu kama 60, likisubiri treni ya polisi ianguke pale reli zilipong'olewa. Mwalimu Thomas Curnow ndiye aliyeisimamisha kwa mshumaa na skafu nyekundu. Risasi za polisi zilipoanza kupenya mbao za nyumba, ziliwapata mateka. Mtoto wa Ann, John, miaka 13, alipigwa, akafa. Ni nani mwenye kosa la damu ile, aliyepiga au aliyewafungia ndani? Tamthilia inaligusa swali hili ikapita, kwa sababu nje alfajiri inakuja na kuna mtu wa chuma anatakiwa atokee kwenye ukungu. Nakiri, alipotokea hata mimi nilikaa wima kwenye kochi. Ni picha isiyokataliwa. Lakini niliposhtuka kwamba nimeshamsahau mtoto, sikujipenda.

Halafu kuna kundi la mwisho, lililo mbali kabisa na kamera: wenyeji wa asili waliokuja na treni ileile, wafuatilia nyayo walioletwa na polisi kutoka Queensland. Kelly aliwaogopa kuliko askari wote. Zawadi ya pauni 8,000 ilipogawanywa, mafungu yao hawakukabidhiwa mkononi; yaliwekwa kwa serikali, kwa madai kwamba hawajui kutumia fedha. Na ardhi iliyogombewa na mlowezi maskini na mlowezi tajiri ilikuwa ya watu wa asili kabla ya wote wawili. Hilo halimo katika hasira ya barua ya Ned. Kwa kuwa halimo kwenye barua, halina nafasi kwenye tamthilia. Mwaka 1980 huenda watazamaji wachache waliuliza. Leo swali hilo haliepukiki.

Najua mtaniuliza: mbona unaikazania hivi kazi ya watu ya miaka hiyo? Nina sababu, na si nzuri kwangu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kuandika habari ya kijana aliyeuawa kwa risasi. Nilipewa taarifa ya polisi, ukurasa mmoja, nikaigeuza habari kwa dakika 20. Nilimwita "jambazi sugu". Neno "sugu" lilikuwa langu, halikuwemo hata kwenye taarifa. Siku mbili baadaye mama mmoja alikuja mapokezi, ameshika gazeti lililokunjwa mara nne, anamuulizia mwandishi. Nilishuka mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, nimemleta huyu aliyeandika picha ya marehemu, ajue aliandika kuhusu nani." Nikamjibu, "Shikamoo mama, mwandishi ametoka." Akasema marahaba, akasubiri saa nzima kwenye benchi, akaondoka na picha yake.

Sijui kama kijana yule alikuwa mwizi. Huenda alikuwa. Lakini kila ninapofikiria Samuel Gill akikimbia mtaani Jerilderie, namwona anapita karibu na mimi, na tunafahamiana. Tofauti ni kwamba yeye alikimbia bunduki.

Ndiyo maana naielewa tamaa ya Ian Jones. Kuna picha moja ya wakati ule, iliyopigwa na J. W. Lindt mjini Benalla baada ya Glenrowan: maiti ya Joe Byrne imening'inizwa mlangoni mwa kituo cha polisi ili ipigwe picha, na mpiga picha mwingine yupo mbele yake na mashine yake, anafanya kazi. Ile treni ya polisi ilibeba pia waandishi wa habari wanne. Tulikuwepo, yaani watu wa kazi yangu, tangu mwanzo hadi kwenye kitanzi, na hata maneno ya mwisho ya Ned hatukuyaripoti kwa namna moja. Mtu aliyeona hayo yote akaamua kumpa mtuhumiwa nafasi yake ya kusema, mimi nitakuwa wa mwisho kumlaumu. Ila nitamwambia nilichojifunza kwenye lile benchi: mama wa jambazi alistahili kusikilizwa, na kama kijana wake aliua, mahali fulani kuna mama mwingine, naye hana anayemletea benchi.

Itazameni. Nasema hivyo bila kusita. Ni ndefu, rangi zake zimezeeka, na muziki unapenda kukwambia ulie lini. Lakini inawaheshimu maskini wake, inamheshimu mama, na inajua kwamba mtu anaweza kukosea vibaya huku kilio chake kikiwa cha haki. Ukimaliza, tafuta majina ya Kennedy, Lonigan na Scanlan, usome habari zao hata dakika kumi.

Na kama utafika Melbourne, barua yenyewe iko Maktaba ya Jimbo la Victoria, pamoja na deraya. Miongoni mwa walioianzisha maktaba hiyo ni jaji Redmond Barry, aliyemfunga Ellen na kumhukumu kifo mwanawe. Sanamu yake iko nje, mlangoni. Barua iko ndani, na siku hizi yeyote anaruhusiwa kuisoma.