Kutoka Tukio hadi Wazo: Uhakiki wa Chimbuko la Mawazo ya Kiuandishi kwa Mifano ya Vita vya Maji Maji na Bonde la Kilombero

Ushauri unaotolewa mara kwa mara kwa mwandishi chipukizi ni kwamba atazame mazingira yake ili apate wazo la kuandikia. Ushauri huo una ukweli, lakini una kasoro moja ya msingi: huchukulia kuwa tukio na wazo ni kitu kimoja. Makala haya yanadai kwamba tukio hugeuka kuwa wazo pale linapoulizwa swali, na kwamba swali hilo ndilo linaloelekeza utanzu. Dai hilo linapimwa kwa maandishi yaliyotokana na Vita vya Maji Maji, kisha kwa maandishi yanayohusu Bonde la Kilombero, ambalo Ifakara ni mji wake mkuu.

Vita vya Maji Maji (1905–1907) vimezaa tanzu kadhaa. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliuchapisha mwaka 1957. Swali la utenzi huo ni la kumbukumbu: yalitokea nini, na kwa utaratibu gani? Umbo la utenzi linalikidhi swali hilo, kwa kuwa beti fupi zenye kina kinachorudi mwishoni husaidia masimulizi marefu kukaririwa na kupokezanwa. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), aliuliza swali jingine: kiongozi afanye nini iwapo neno lake limekwisha kuwa mali ya watu, naye mwenyewe analitilia shaka? Swali hilo ni la dhamiri, nalo linahitaji jukwaa, kwa sababu linadai watu wakabiliane ana kwa ana.

Tofauti ya maswali hayo inaeleza hatua ambayo msomaji anayetafuta historia tupu angeiona kuwa kosa. Kinjeketile Ngwale wa kihistoria alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Shambulio la boma la Mahenge, kusini mwa Ifakara, lilitokea tarehe 30 mwezi huohuo, yeye akiwa amekwisha kufa. Katika tamthilia, hata hivyo, Kinjeketile yu hai baada ya kushindwa kwa wapiganaji, akiwa kifungoni, akitakiwa akane nguvu ya maji. Hussein hakuipotosha historia kwa kutoijua. Utangulizi wake unamtenga bayana mhusika wa kubuni na mtu wa historia. Wazo lake lisingeweza kusimama bila mhusika huyo kuyashuhudia matokeo ya neno lake.

Hata hivyo, uteuzi huo una gharama. Swali linapoelekezwa kwenye dhamiri ya kiongozi mmoja, waliokwenda Mahenge bila kumwona kamwe hubaki pembezoni. Wapogoro na Wambunga walioshiriki mapigano hayo walikuwa na sababu na mashaka yao wenyewe. Mwandishi anayetoka Kilombero hana haja ya kurudia wazo la Hussein kwa kubadili majina ya mahali tu. Anaweza kuuliza: aliyepokea maji kutoka kwa mjumbe, na si kwa mganga mwenyewe, aliamini nini?

Maandishi yasiyo ya kubuni yanaithibitisha hoja hiyo. Kitabu cha akina Culwick, Ubena of the Rivers (1935), kina sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, na jina lake limetajwa katika ukurasa wa kichwa. Jambo hilo lina uzito wa kimaadili, kwani msimulizi hakugeuzwa kuwa malighafi isiyo na mwenyewe. Naye Jamie Monson, katika Africa's Freedom Railway (2009), alichunguza reli ya TAZARA inayopita bondeni humo kwa kutumia, pamoja na masimulizi, stakabadhi za vifurushi. Karatasi ambazo mwingine angezitupa zilipata maana kwa sababu ziliulizwa nani alisafirisha nini, na kwenda wapi.

Kigezo hicho kinaweza kutumika kwa jambo la karibu zaidi. Kabla ya daraja lililozinduliwa mwaka 2018, msafiri kati ya Ifakara na Mahenge alivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Swali la nani aliishi kwa kivuko hicho, na daraja likamwacha wapi, linahitaji riwaya, kwa kuwa linafuata maisha katika muda mrefu. Swali la iwapo mgonjwa avushwe mto ukiwa umefurika linafaa tamthilia, kwani uamuzi ni mmoja na wanaopingana wako ukingoni pamoja. Swali la gharama na manufaa ya daraja linadai insha yenye takwimu zilizothibitishwa. Mto ni uleule. Mawazo ni matatu.

Kwa hiyo, kazi ya mwanafunzi wa uandishi isipimwe kwa upya wa mada. Ipimwe kwa uwazi wa swali, kwa uhusiano wa swali hilo na utanzu uliochaguliwa, na kwa namna inavyowatambua waliotoa masimulizi. Bonde la Kilombero halina upungufu wa matukio. Kinachohitajika ni maswali ambayo watu wa bondeni wenyewe wangeyatambua kuwa ni yao.