Rumba Moja, Miji Miwili: Uhakiki wa Nyimbo za Bendi za Dar es Salaam na za Nairobi

Katika mijadala ya walimu wa Kiswahili, nyimbo za bendi huletwa mara nyingi kizimbani. Husemwa kwamba zinaharibu sarufi, kwamba zinachanganya Kiswahili na Kilingala, na kwamba mwanafunzi anayezipenda hatafika mbali katika insha. Makala haya hayakusudii kuzitetea nyimbo zote. Yanakusudia kuonyesha kwamba shutuma hiyo imetolewa kwa jumla mno. Nyimbo tunazozoea kuziita kwa jina moja la "muziki wa Kongo" ni za aina mbili, zilizokulia katika miji miwili, na kila aina imekitumia Kiswahili kwa namna yake. Mhakiki asiyezitenganisha hawezi kuhukumu kwa haki, wala mwalimu asiyezitenganisha hawezi kuchagua.

Kwetu Nyakiyumbu jambo hili si la anasa. Tumo katika wilaya ya Kasese, karibu na Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, katika nchi ya Kongo. Mtoto wa Kikonzo hukisikia Kiswahili sokoni na katika nyimbo kabla hajakiona ubaoni. Mwalimu anapoingia darasani hakuti chungu kitupu. Hukuta kimekwisha tiwa kitu. Hapana budi basi akijue kilichomo.

ASILI MOJA

Rumba ya Kongo, ambayo nayo ilijifunza mengi kutoka kwa santuri za Cuba, ilisafiri kuelekea mashariki pamoja na wanamuziki waliotafuta amani na riziki baada ya misukosuko ya miaka ya 1960. Orchestra Maquis du Zaire iliweka makao Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baba Gaston alipitia Dar es Salaam, kisha mwaka 1975 akahamia Nairobi. Super Mazembe walifika Nairobi mwaka 1974. Mwaka 1976 baadhi ya wanamuziki wa Baba Gaston walimwacha wakaunda Les Mangelepa. Samba Mapangala alipiga muziki Kampala na kundi la Les Kinois kabla ya kuvuka kwenda Nairobi mwaka 1977. Na mwaka 1981 alipoanzisha bendi yake aliiita Virunga, jina la milima ya volkano ambayo hifadhi yake inapakana na hifadhi yetu ya Queen Elizabeth hapa Kasese. Mzee Makassy naye alipita Uganda, akakaa Dar es Salaam, kisha akahamia Nairobi.

Kwa hiyo shina ni moja. Magitaa yalikuwa yale yale, na mara nyingi hata watu walikuwa wale wale. Swali la mhakiki ni hili: kwa nini matunda yakatofautiana?

Swali hili si letu peke yetu. Wahakiki wa muziki wa panki, ule wa vijana wa Kizungu uliovuma katika miaka ya 1970, huuliza vivyo hivyo kuhusu bendi za Marekani na za Uingereza. Ramones wa New York walitoa sahani yao ya kwanza mwaka 1976, na tarehe 4 Julai mwaka huo huo wakapiga London. Sex Pistols na The Clash wa London walitumia magitaa yenye kishindo kama hicho hicho. Lakini Ramones waliimba zaidi mizaha ya vijana wa mtaani, uchovu wao na mapenzi yao, hali wenzao wa London waliimba ukosefu wa kazi na hasira dhidi ya wakubwa. Mwaka 1977, Malkia wa Uingereza alipoadhimisha miaka 25 ya kutawala, Sex Pistols walitoa "God Save the Queen", na redio ya BBC ikakataa kuupiga wimbo huo. Mlio ulikuwa karibu mmoja, ila kila mji ulikuwa na jambo lake la kusemwa.

Na hao hawako mbali nasi kama tunavyodhani. Kampuni ya Virgin, iliyotoa sahani ya Sex Pistols mwaka 1977, ndiyo iliyotoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 sahani za Orchestra Makassy na Super Mazembe zilizorekodiwa Nairobi.

FANI

Tuanze na Dar es Salaam. Bendi nyingi za mji huo zililelewa na mashirika na jumuiya za umma. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo wengi huijua kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alipokea mshahara. Nyimbo zilirekodiwa na Radio Tanzania, ambayo iliyakagua maneno yake kabla ya kuzitangaza. Biashara ya santuri ilikuwa dhaifu, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, njia ya kuelekea mitambo ya Nairobi ikazidi kuwa ngumu.

Matokeo yake katika fani ni dhahiri. Bendi ambayo haiuzi santuri huishi kwa ukumbi wa dansi na kwa redio. Mtu anayekuja ukumbini kila wiki lazima apewe sababu ya kurudi, na sababu hiyo ni maneno. Wimbo huanza taratibu kwa beti ndefu zinazosimulia kisa: barua, talaka, deni, safari, usaliti wa rafiki. Kisha ndipo linapokuja chemko, sehemu ya kasi ambapo magitaa na matarumbeta huachiwa uwanja. Msikilizaji amekwisha kushiba hadithi ndipo anapoinuka kucheza.

Nairobi ilikuwa na desturi nyingine. Huko mwajiri alikuwa santuri. Makampuni yalirekodi, yakachapa na kuuza sahani ndogo yenye nyuso mbili, na kila uso ulichukua dakika chache tu. Wimbo uligawanywa: uso wa kwanza maneno, uso wa pili magitaa. Mtunzi mwenye nafasi finyu namna hiyo hawezi kusimulia kisa cha barua tatu na baraza la wazee. Hutafuta sentensi moja inayoshikika, akairudia mpaka mnunuzi aende nayo nyumbani. Tena mnunuzi huyo alikuwa Mluo, Mkamba, Mluhya, Mganda au Mkongo, na kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili. Maneno machache na mepesi yalivuka mipaka ambayo beti ndefu zisingeivuka.

MAUDHUI

Msomaji asidhani kwamba uchache wa maneno ni uchache wa maana. Tuchukue "Sina Makosa" wa Les Wanyika, kundi lililozaliwa Nairobi mwaka 1978. Msemaji anamkabili mwanamume mwenzake aliyekasirika kwa ajili ya mwanamke. Anamweleza kwamba mwanamke huyo si mali ya yeyote kati yao, na kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani. Ya nini basi kuchukiana? Ni maneno machache mno, lakini tazama kejeli iliyomo. Anayetangaza kwamba hana makosa ndiye anayetupa ushahidi wa makosa yake, na tena anamtia mwenzake katika kosa hilo hilo. Mtunzi hahukumu. Anaachia gitaa, na msikilizaji hubaki na kesi mkononi. Hii ni kazi ya msanii aliyekomaa.

"Vunja Mifupa" wa Samba Mapangala na Virunga nao umejengwa juu ya usemi wa kutafuna mfupa meno yakingali kinywani. Usemi mmoja umetosha kubeba wimbo mzima, na mafunzo ya starehe na ya uzee yamo ndani yake.

Upande wa Dar es Salaam, maudhui huja kwa mapana. Majina ya nyimbo za Mlimani Park yanatosha kutuonyesha njia. "Talaka ya Hasira" unaiweka kesi mbele yetu kabla ya ubeti wa kwanza, na "MV Mapenzi" unayapa mapenzi jina la chombo cha majini, sitiari ambayo mshairi wa pwani angeitambua mara moja. Waimbaji kama Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka walikuwa watambaji wa hadithi kwa njia ya sauti. Remmy Ongala, mzaliwa wa mashariki ya Kongo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, aliendelea mbele zaidi. Katika "Kifo" alizungumzia mauti yasiyo na huruma; katika "Mnyonge Hana Haki" alisimama upande wa maskini; na katika "Mambo kwa Soksi" aliwaonya watu juu ya UKIMWI kwa lugha ya kuficha na kufichua, hata Radio Tanzania ikasita kuutangaza.

Kila upande una dosari zake. Nyimbo za Dar es Salaam mara nyingine huhubiri: kisa kikiisha, mtunzi huona lazima atuambie tulichokwisha kukielewa. Tena katika nyingi mwanamke hubebeshwa lawama ya kila ndoa iliyovunjika. Nyimbo za Nairobi nazo mara nyingine hujaza nafasi kwa kutaja majina ya marafiki na wafadhili, na kibwagizo hugeuka kelele tupu. Mhakiki asifiche haya kwa sababu ya mapenzi yake.

JE, NI ASILI YA MTU AU NI MJI?

Atatokea mtu aseme kwamba tofauti hii ni ya asili tu: Watanzania wanajua Kiswahili, Wakongo hawakijui. Hoja hiyo inaanguka kwa mifano miwili. Wa kwanza ni ndugu Wilson na George Peter Kinyonga. Walitoka Tanga, kitovu cha Kiswahili na ushairi, wakaanzia Jamhuri Jazz, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika Nairobi. Nyimbo zao zina maneno machache na gitaa refu, kama za majirani zao Wakongo wa Nairobi. Les Wanyika, waliochipuka kutoka kwao, ni vivyo hivyo.

Wa pili ni Maquis, waliokwenda kinyume chake. Walifika Dar es Salaam wakiwa Wakongo kamili, na baada ya muda wakawa wanasimulia visa kwa Kiswahili kama NUTA. Hata mtindo wao waliuita "Kamanyola bila jasho", jina la mji wa Kivu likaoana na maneno mawili ya Kiswahili. Maquis haikuwa bendi ya shirika la umma, wala Super Matimila ya Remmy Ongala haikuwa hivyo. Kwa hiyo mshahara peke yake hauelezi yote. Kinachoeleza ni wasikilizaji: ukumbi uliozoea kusikiliza maneno ulimfundisha kila aliyepanda jukwaani, mwenyeji na mgeni. Ndiyo maana twasema ni mji uliofanya, si damu.

JAMBO LA SARUFI

Tuje kwenye kosa linalotajwa zaidi. "Shauri Yako", wimbo ulioenezwa na Super Mazembe, una kosa katika jina lenyewe. Neno "shauri" liko katika ngeli ya LI-YA, na usahihi wake ni "shauri lako". Mwalimu akiliona kwenye insha atalipigia mstari mwekundu, na atakuwa amefanya kazi yake. Lakini mwalimu huyo huyo akisafiri kutoka Nairobi hadi Mpondwe atalisikia neno hilo likisemwa vivyo hivyo kila kituo. Mtunzi hakulibuni kosa. Alilikuta midomoni mwa watu akaliweka kwenye santuri. Wimbo ni ushahidi wa lugha ilivyo, na kitabu cha sarufi ni mwongozo wa lugha sanifu. Mwanafunzi anastahili kuvijua vyote viwili, na kuvijua kama vitu viwili.

MATUMIZI DARASANI

Kutokana na haya twapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanaoanza wapewe nyimbo za Nairobi. Sentensi zake ni fupi, zinarudiwa, na makosa yake yanaweza kusahihishwa hadharani: darasa zima liimbe "shauri yako", kisha liandike "shauri lako" na kueleza sababu. Pili, madarasa ya juu wapewe nyimbo za Dar es Salaam, wazichambue kama wanavyochambua hadithi fupi: nani anasema, anamwambia nani, mgogoro ni upi, na sitiari inafanya kazi gani. Tatu, Kiswahili ambacho mtoto amekileta kutoka Kasindi kisichekwe. Kilinganishwe na kile cha kitabuni, kama tulivyoilinganisha miji hii miwili, bila kukivunjia heshima.

Mapendekezo haya yana uzito wa pekee katika nchi yetu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo wazee wengi bado wanakikumbuka kama lugha ya kambi za askari, lugha ya amri na ya kuporwa mali. Sheria haiwezi kulifuta kumbukumbu hilo. Lakini katika miaka ile ile ya hofu, Kiswahili kingine kilikuwa kikiingia majumbani kwa njia ya redio na santuri: Kiswahili cha mtu anayebembeleza, anayelalamika, anayetania, anayemlilia maiti wake. Hicho hakuna aliyelazimishwa kukisikiliza. Walimu wenzangu tukikitupa nje ya darasa kwa sababu ya kosa la ngeli moja, tutakuwa tumebaki na kitabu cha sarufi mkononi, mbele ya wanafunzi ambao wazazi wao wanaiogopa lugha tunayoifundisha.