Kifumbu cha Nyuzi 48

Mgonjwa alikuwa ameshalala upande wa pili wa kioo, lakini daktari hakuwa na haraka. Alikuwa akiigeuzageuza picha ya mshipa wa mgonjwa huyo kwenye kompyuta: juu, ubavuni, nyuma. Mshipa ulipanda kutoka shingoni ukijikunja kama barabara ya Lushoto, na penye kona moja ukuta wake ulikuwa umetuna kifuko cha damu, ile anurizimu inayoweza kupasuka wakati wowote. Akaweka stenti ya kuigiza, mrija wa kufunika mdomo wa kifuko. Mdomo wa kifuko ukabaki wazi kidogo. Akaifuta, akachagua nyingine, akatazama tena kimya.

Nikimtazama, nikamkumbuka bibi na kifumbu chake cha kusukwa, cha kukamulia tui. Alikijaza nazi aliyoikuna, kikanenepa na kufupika. Alipokishika ncha zote mbili na kukipopotoa kikarefuka, kikakonda, tui likachuruzika baina ya vidole vyake. Sikumwona akimwaga nazi, maana alijua kifumbu kitakavyokuwa kabla hajakigusa.

Stenti ya Pipeline, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, ni kifumbu hasa: mrija uliosukwa kwa nyuzi 48 za metali, nyembamba kuliko unywele. Ikikuta mshipa mwembamba hurefuka, ikikuta mpana hufupika. Urefu ulioandikwa kwenye pakiti sio utakaokuwa kichwani mwa mtu. Na isipoukalia ukuta vizuri, damu hupenya nyuma yake, ikiganda mtu aweza kupooza.

Safari ya kufika hapa ni ndefu: daktari Egas Moniz alipiga picha ya mishipa ya ubongo huko Lisbon mwaka 1927. Miaka kumi baadaye daktari wa upasuaji Walter Dandy akakibana kifuko cha aina hii kwa kibanio. Wakati huo jicho la fundi ndilo lililobeba mengi. Leo programu ya Sim&Size, kazi ya watu wa Montpellier, Ufaransa, huchukua picha ya mshipa wa mgonjwa mwenyewe na kuonyesha stenti itakavyokaa, itakapogusa na itakapoachia. Kujaribu na kukosea bila kumuumiza mtu! Ufundi huu nausifu kwa moyo wote.

Ila siku hiyohiyo kijana mmoja mwanafunzi aliisoma namba ya milimita iliyotolewa na programu, akaiandika, akaondoka. Mshipa hakuugeuza hata mara moja. Iliniuma.

Niliporudi nyumbani nilipita sokoni kuulizia kifumbu. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akanipa chujio la plastiki.