Sifuri ya Mwisho

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ndiyo iliyonilea kazini. Kwa miaka mingi niliandika vitabu vya wafanyabiashara wa Butembo, mashariki mwa Kongo: kilichoingia, kilichotoka, anayedai, anayedaiwa. Jioni pande mbili zilipolingana na tofauti ikawa sifuri, nilirudi nyumbani na moyo mweupe. Mhasibu ni shahidi. Husema lililotokea, haongezi wala hapunguzi.

Nilipohamia upande wa fedha, katika ushirika wa akiba na mkopo, nilikutana na swali ambalo daftari halikuwahi kuniuliza: kesho itakuwaje?

Tumchukue mama muuza vitenge. Analipa dola 30,000 kwa mzigo wa Guangzhou. Mzigo unavuka bahari hadi Mombasa, unapanda lori kupitia Uganda, unaingia Kongo kwenye mpaka wa Kasindi, unapita Beni, ndipo unafika Butembo. Wateja wa jumla wanachukua nusu yake kwa deni. Mwisho wa mwaka mhasibu anaandika faida ya dola 6,000, na anaandika kweli. Ila ndani ya sanduku la pesa faida hiyo haimo, kwa kuwa yote ingali kwa wateja. Ukimkopesha na kumtaka aanze kulipa mwezi ujao, atalipa kwa kula mtaji wake, na mzigo unaofuata utakuwa mdogo. Ndiyo maana mkopeshaji mwema huuliza kwanza: “Mama, mzigo uko wapi leo? Waliochukua kwa deni huleta pesa baada ya siku ngapi?” Kisha hupanga malipo ya kwanza yaje baada ya lori, si kabla yake. Mkopo ni uleule na mama ni yuleyule. Kupanga siku ndiko kunakomwokoa.

Beni ina saa yake, saa ya kakao. Mkulima hushika pesa baada ya kuvuna, kuchachusha na kuanika mbegu, kwa hiyo rejesho la kila wiki halimfai. Tena, tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yamewafukuza wengi kutoka mashambani mwao. Shamba linaweza kubaki kwenye karatasi na miti yake yote, huku mwenyewe hathubutu kulikanyaga. Mkopeshaji wa Beni huuliza habari za njia kabla ya kuuliza bei.

Wazee wa biashara walijua mapema kwamba hesabu sahihi peke yake haitoshi. Mwaka 1993, katika sarafu ya nchi, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Katika miaka hiyo mhasibu aliweza kujumlisha bila kosa hata moja, na bado akiba ikayeyuka ndani ya hesabu iliyo sahihi. Wafanyabiashara wakaweka mali yao katika dola, katika bidhaa, katika nyumba, na katika neno la mtu wanayemfahamu. Hakuna shule iliyowafundisha kwamba pesa ina umri, na kwamba deni hupimwa pia kwa tabia ya anayelibeba.

Hata hivyo sikuliacha daftari. Anayetabiri kesho bila kujua jana anapiga ramli kwa pesa za wenzake, na pesa za ushirika ni akiba ya muuza mihogo, ya mwalimu, ya fundi cherehani. Uhasibu ulinipa uaminifu wa jicho. Kazi ya fedha ikanitaka nilitumie jicho hilo kutazama mbele, na kutia saini chini ya nilichokiona.

Siku mama anapoleta rejesho la mwisho, naandika mwenyewe: salio, sifuri. Zamani sifuri iliniambia kwamba sikukosea hesabu. Leo inaniambia kwamba mzigo ulifika, wadeni walilipa, na watu wawili waliaminiana hadi mwisho wa safari.