Kuoka na Kuchoma: Uhakiki wa Istilahi za Mapambo ya Udongo

Nikiwa Litembo, wilayani Mbinga, nilipata kusoma mswada wa mwongozo wa kufinyanga shanga na hereni za udongo, uliofasiriwa kwa ajili ya watu wafanyao kazi hiyo nyumbani kwa kujiburudisha. Sarufi yake ni safi. Kasoro imo katika istilahi tatu: mbili zaharibu kazi ya mwanafunzi, na ya tatu yapotosha maana.

Ya kwanza ni "kuoka". Mfasiri ametumia neno hili kwa shanga kama litumiwavyo kwa mkate. Mkate huiva katika joto la nyuzi 200 hivi za Sentigredi. Udongo katika joto hilo hukauka tu. Ukilowekwa hurudi kuwa tope. Ili yatoke maji yaliyofungamana na udongo wenyewe, usiweze tena kulainika, hapana budi joto lifike nyuzi 600 hivi. Atakayetii neno "oka" atavaa mkufu utakaomomonyoka kwa jasho. Ilhali lugha yetu ilikwisha kutenganisha mambo haya. Mjenzi wa Litembo ajua vema tofauti ya tofali bichi na tofali la kuchoma. Basi na tuseme shanga mbichi na shanga za kuchoma. Na mahali pa kuchomea tupaite joko, kama waitavyo wafinyanzi.

Ya pili ni "rangi". Mfasiri ameliita hivyo lile rojo la unga na maji lipakwalo juu ya shanga, ambalo shanga zichomwapo tena huyeyuka na kuwa kioo. Asomaye "rangi" atapaka, atangoja ikauke, na kudhani kazi imekwisha. Hata akizirudisha jokoni ataziacha zigusane, nazo zitagandana. Kwa sababu hiyo shanga hutungwa katika waya ustahimilio moto. Napendekeza unga uitwe "unga wa kioo", na kitokeacho baada ya kuchoma kiitwe "ganda la kioo".

Ya tatu ni "vito". Kito ni jiwe la thamani. Hereni ya udongo, hata ikipendeza namna gani, ni pambo.

Mfasiri astahili sifa kwa jambo moja. Ameeleza wazi kwamba tundu la ushanga litobolewe udongo ungali na unyevu, tena liwe pana kuliko litakiwalo, kwa kuwa udongo husinyaa. Hapo amewafuata wahenga: udongo uwahi ungali maji.

Kasoro hizi zingaliepukika kama angaliwauliza wenye kazi. Katika ziwa lili hili la Nyasa, upande wa kaskazini, wanawake Wakisi wa Ikombe, karibu na Matema, hufinyanga vyungu bila gurudumu na kuvichoma kwa moto wa wazi. Huko Karen, Nairobi, karakana ya Kazuri imekuwa ikitengeneza shanga za udongo tangu 1975, na hata jina lake ni la Kiswahili: kitu kidogo kilicho kizuri.

Nashauri mswada huu usipigwe chapa mpaka usomwe mbele ya mfinyanzi, neno kwa neno, huku yeye akifuata kwa mikono yake kila agizo lililoandikwa.