Mwinuko wa Digrii 10

Cornhole, mchezo wa kurusha vifuko unaopendwa sana Cincinnati na kwingineko Marekani, huvuta macho ya mgeni kwenye tundu. Hapo ndipo zinapopatikana pointi 3. Kifuko kinachobaki juu ya ubao kina pointi 1 tu. Pointi za pande mbili hukatana kila raundi, na anayefikisha 21 ameshinda. Mimi naona fundi anayetaka kuutengeneza mchezo huu aanze na miguu ya nyuma ya ubao, maana hiyo ndiyo inayoamua kama tundu litafikika.

Ubao una urefu wa sentimita 122 na upana wa sentimita 61. Ukingo wa mbele uko kama sentimita 10 kutoka ardhini, wa nyuma kama 30. Huo ni mwinuko wa 1 kwa 6, karibu digrii 10. Tundu lina kipenyo cha sentimita 15, na kitovu chake kiko sentimita 23 chini ya ukingo wa juu. Mbao mbili hutazamana, mita 8.2 kati ya kingo zao za mbele. Kifuko ni mraba wa sentimita 15 wenye uzito wa gramu 450 hivi.

Tukifuate kifuko hewani. Mkono unakiachia karibu mita 1 kutoka ardhini, na shabaha iko umbali wa kama mita 9, chini kidogo ya mkono. Njia inayohitaji nguvu ndogo kuliko zote ni kurusha kwa pembe ya digrii 43, kwa kasi ya mita 9 kwa sekunde. Kifuko kitapanda hadi karibu mita 3 na kutua baada ya sekunde 1.4. Pembe hii ina faida kubwa: ukikosea digrii 2 juu au chini, kifuko kitapungukiwa sentimita 2 au 3 tu. Kasi ndiyo isiyosamehe. Ukiizidisha kwa asilimia 1, kifuko kitapita mbele sentimita 17, yaani zaidi ya upana wa tundu lenyewe. Ndiyo maana wachezaji wazuri hufanya mazoezi marefu ya kubembea mkono kwa mwendo uleule kila mara, tena kwa kukizungusha kifuko kikiwa bapa, hewa ikutane na ubavu wake mwembamba badala ya uso wote.

Hata hivyo, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kudumisha usahihi huo mchana kutwa. Hapa mwinuko unaingia kazini.

Kifuko hakidundi kama mpira. Chembe zilizomo ndani husuguana zinapogonga ubao, na nishati ya kushuka huishia humo. Kinachobaki ni mwendo wa kuteleza juu ya ubao, ambao nao hupunguzwa na msuguano tangu sekunde ile ya kutua: kadiri kifuko kinavyokandamizwa ubaoni, ndivyo kinavyopoteza mwendo. Tuseme msuguano ni asilimia 40 ya mkandamizo huo. Ubao ukilazwa sawasawa na ardhi, kifuko chetu kitaendelea kuteleza karibu mita 1.8, na ubao mzima hauna hata mita moja na robo. Uinue kwa digrii 10, kitateleza sentimita 36 tu. Tofauti hiyo yote imeletwa na miguu ya nyuma. Ubao ulioinuka hupokea pigo kwa uso zaidi, msuguano wa kutua ukala sehemu kubwa ya mwendo, kisha mlima ukamaliza uliobaki. Mrushaji anaweza sasa kulenga mbele ya tundu na kukiacha kifuko kijipeleke chenyewe.

Heyliger de Windt, aliyepewa hataza ya mchezo wa aina hii Marekani mwaka 1883, tayari alikuwa na ubao ulioinamishwa, ingawa tundu lake lilikuwa la mraba. Umbo la tundu limebadilika. Mwinamo umebaki.

Kutengeneza si kazi kubwa. Shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatoa nyuso nne, yaani seti mbili kamili. Chagua yenye unene wa milimita 12, uifunge kwa skrubu juu ya fremu ya mbao za inchi 2 kwa 4, na usiache kuweka taruma katikati. Plaiwudi nyembamba isiyo na taruma hutetemeka, ikakirusha kifuko upya, na hesabu yote ya kuteleza ikavurugika. Miguu ifungwe kwa bolti ili ikunjike, kisha ikatwe chini kwa mshazari ikae vizuri ardhini. Pima urefu wake mara mbili kabla ya kukata.

Umaliziaji ndio unaodharauliwa mno. Rudi kwenye ile asilimia 40: rangi laini ikiushusha msuguano hadi 30, kifuko kitateleza sentimita 87 badala ya 36. Uso wenye chengachenga, wenye msuguano wa asilimia 50, utakisimamisha baada ya 11. Kwa hiyo piga msasa hadi mikwaruzo iishe, paka rangi na vanishi kwa tabaka nyembamba, na mbao zote mbili zipate tabaka sawa. Vifuko vingi vya mashindano leo vimeshonwa kwa vitambaa viwili, upande mmoja mtelezo na mwingine mzito kuteleza, ili mchezaji achague msuguano kabla ya kurusha. Ndani yake mahindi makavu ya zamani yamepisha chembe za plastiki, kwa sababu mahindi hufyonza unyevu na kusagika kuwa vumbi, na kifuko kilichobadilika uzito kinadai nguvu nyingine ya mkono.